Teleki ni wa Kijiji Gani?

Chukua sentensi hii, ya aina inayosikika kwenye njia ya Marangu na kwenye vipeperushi vya safari vilivyoandikwa haraka: "Mtu wa kwanza kujaribu kupanda Kilimanjaro alikuwa Samuel Teleki, Mhungaria kutoka kijiji cha Szék, Hungaria, na lobelia unazoziona hapa zina jina lake."

Inasikika vizuri. Mgeni anaitikia kwa kichwa, anapiga picha ya lobelia, mmea ule wa mlimani, safari inaendelea. Lakini ina makosa manne, na akitokea mgeni mmoja Mhungaria kwenye kundi, mwongozaji ataumbuka kabla ya kufika kambi ya Horombo. Makosa mawili ni ya mlima wetu wenyewe, hayo tuyamalize upesi. Mawili ni ya kijiji, na hayo ndiyo yanayohitaji muda, kwa sababu vijiji vya Wahungaria vina tabia zake: vinabadilisha jina, vinabadilisha nchi, na watu wake maarufu wanabeba majina ya vijiji ambavyo hawakuzaliwa.

Tuanze na "wa kwanza". Karl Klaus von der Decken alijaribu mwaka 1861 akiwa na Richard Thornton, akarudi tena 1862 na Otto Kersten wakafika juu zaidi. Mmisionari Charles New aligusa theluji mwaka 1871. Harry Johnston alikuwa hapa 1884. Teleki alikuja 1887, akapanda hadi theluji inapoanzia, akageuza. Mwaka huohuo Hans Meyer naye alijaribu kwa mara ya kwanza akashindwa, na ni yeye aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Kwa hiyo Teleki si wa kwanza kujaribu wala si wa kwanza kufika. Kuhusu urefu aliofikia, vitabu vinatofautiana kwa mamia ya mita, kwa hiyo usitaje mita. Sema "hadi kwenye theluji" na hakuna atakayekukamata.

Lobelia sasa. *Lobelia telekii* ipo kweli, na ina jina la Teleki kweli, ila makazi yake ni Mlima Kenya, Aberdare na Elgon. Ya kwetu, ile inayosimama kwenye unyevunyevu kuzunguka Horombo, ni *Lobelia deckenii*, na jina hilo ni la von der Decken. Kuzitofautisha ni rahisi hata kwa picha. Ya Teleki ina shina la maua lenye manyoya marefu yanayoning'inia, utadhani mkia wa mnyama umesimamishwa wima. Ya kwetu ina majani mapana yaliyopangana na kufunika maua, na chini kwenye duara la majani kuna maji yanayoganda usiku. Ukiona manyoya, uko Kenya.

Sasa kijiji.

Jina lake kamili kwa Kihungaria huandikwa *széki gróf Teleki Sámuel*. Lisome kipande kwa kipande. Sámuel ndilo jina lake, na linakuja mwisho, kwa kuwa Wahungaria hutanguliza ukoo. Teleki ni ukoo. Gróf ni cheo cha ukabaila, hatua kadhaa chini ya mfalme. Na *széki* maana yake ni "wa Szék". Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kiambishi *-i* mwishoni mwa jina la mahali ni kama "wa" yetu: *budapesti* ni wa Budapest, *moshi* kwa bahati mbaya haimaanishi kitu kwao. Lakini kwenye majina ya makabaila, hiyo "wa" haisemi mtu alizaliwa wapi. Inasema babu zake walipata cheo kwa ardhi ipi, pengine miaka mia mbili kabla. Szék ni mahali halisi, leo panaitwa Sic, katika jimbo la Cluj huko Romania. Teleki wetu hakuzaliwa pale. Ni kama kumsikia mtu akiitwa Mmarangu kwa sababu ukoo una kihamba Marangu, wakati yeye alizaliwa Kiboriloni na kusomea Tanga.

Alizaliwa Sáromberk, tarehe 1 Novemba 1845. Akafariki Budapest tarehe 10 Machi 1916, na kaburi lake liko Sáromberk.

Sáromberk ukiitafuta kwenye ramani ya simu leo utaipata kwa jina la Dumbrăvioara, kaskazini kidogo mwa mji wa Târgu Mureș, kando ya mto Mureș, nchini Romania. Jina la Kiromania ni zuri: *dumbravă* ni kichaka cha miti mikubwa, na hiyo *-ioara* inakidogosha, kwa hiyo ni kama tungesema "Kijisitu". Kwa Kihungaria mto huo ni Maros na mji ule ni Marosvásárhely, yaani "penye soko, Maros". Kwa lugha hizo mbili kila kitu kina majina mawili, na mara nyingi Kijerumani kina la tatu. Hakuna jina la uongo kati yao. Swali ni unaandika kuhusu mwaka gani.

Na je, alizaliwa Hungaria? Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1845 Transilvania ilikuwa utawala wake peke yake chini ya Habsburg, ukoo wa watawala wa Austria, si mkoa wa Hungaria. Iliunganishwa na Hungaria kwa muda mfupi 1848, kisha kwa kudumu zaidi 1867. Tarehe 4 Juni 1920, kwa Mkataba wa Trianon uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaenda Romania. Agosti 1940 sehemu ya kaskazini, Sáromberk ikiwemo, ikarudishwa Hungaria, na vita vilipokwisha ikawa Romania tena. Mtu aliyezaliwa pale 1910 na kufa 1970 katika nyumba ileile alibadilishiwa nchi mara tatu bila kuhamisha kitanda. Sisi tusicheke. Mzee aliyezaliwa Old Moshi 1910 na kufa 1970 alianza chini ya Mjerumani, akaendelea chini ya Mwingereza, akaona Tanganyika 1961 na Tanzania 1964, naye hakuvuka hata mto Rau.

Kwa hiyo kuandika "kijiji cha Szék, Hungaria" ni makosa mawili kwa pumzi moja. Andika: "Sáromberk, Transilvania (leo Dumbrăvioara, Romania)". Ndivyo wanavyofanya Wahungaria wenyewe wanapokuwa makini. Anayetaka kumwita Teleki Mhungaria yuko sahihi, kwa maana ya taifa na lugha. Kinachokataa ni kumweka ndani ya mipaka ya Hungaria ya leo.

Mtego unaofuata ni wa majina pacha, na kwa Sáromberk ni mbaya kweli. Ukiandika "Teleki Sámuel" kwenye intaneti utapata wawili. Mmoja aliishi 1739 hadi 1822, alizaliwa kijiji jirani cha Gernyeszeg (leo Gornești), akawa kansela wa Transilvania, na ndiye aliyeanzisha maktaba maarufu ya Marosvásárhely iitwayo Teleki Téka, iliyofunguliwa 1802 na ina vitabu vipatavyo 40,000. Huyo hakuwahi kuiona Afrika. Wetu ni wa 1845 hadi 1916. Wakichanganywa, unapata kansela aliyepanda Kilimanjaro akiwa na miaka mia moja arobaini na minane. Yuko pia Teleki wa tatu, Pál, mwanajiografia na waziri mkuu wa Hungaria aliyejiua Aprili 1941. Huyo alizaliwa Budapest, na kwa kuwa naye alihusika na ramani, watu humpachika kwenye msafara wa 1887. Alizaliwa 1879. Msafara ulipoanza alikuwa na miaka saba. Dawa ni moja: jina la Teleki lisitembee kamwe bila miaka yake.

Msafara wenyewe uandikwe hivi. Ulitoka Pangani mwanzoni mwa 1887, ukiwa na wapagazi mamia kadhaa, ukaweka kambi kubwa Taveta, ukazunguka huku Kilimanjaro, ukaenda Mlima Kenya ambako Teleki alikuwa Mzungu wa kwanza kukanyaga miteremko ya juu, na Machi 1888 ukafika kwenye ziwa ambalo walilipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria. Rudolf akafa Mayerling Januari 1889, hata mwaka haujaisha tangu ziwa lipewe jina lake. Kenya ililibadilisha kuwa Turkana mwaka 1975. Gharama alitoa Teleki mfukoni mwake. Vipimo na ramani vilikuwa kazi ya Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, na ni Höhnel aliyeandika kitabu cha safari, si Teleki. Höhnel alizaliwa 1857 Pressburg, ambayo kwa Kihungaria ni Pozsony na leo ni Bratislava, mji mkuu wa Slovakia.

Na aliyeujua mwendo wa bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani ambaye alikuwa ameshatembea njia za Umasaini kabla yao. Orodha za watu maarufu wa Sáromberk zinamtaja Teleki mstari wa kwanza, sawa, ni haki yao. Lakini anayeandika orodha ya watu maarufu wa Pangani akamwacha Kimemeta, huyo amekosa kazi yake.

Kusoma majina kwa sauti kuna sheria chache tu, na zikishikwa mwongozaji anaweza kutamka kijiji chochote cha Hungaria bila aibu. *S* peke yake inasomwa "sh". *Sz* ndiyo "s". Hili ndilo kosa la kwanza la kila mtu, kwa sababu macho yanategemea kinyume. Kwa hiyo Sáromberk ni "Shaaromberk", Sámuel ni "Shaamuel", na Szék ni "Seek", siyo "Shek". *Cs* ni "ch" yetu. *Ny* ni ileile ya nyumba, mnaijua tangu tumboni. *Gy* ni "dy", ulimi ukiwa karibu kama wa *ny* bila pua. *J* na *ly* zote ni "y". *C* ni "ts". *Zs* ni "sh" yenye mngurumo, hatuna, jaribu tu. Alama ya mkwaju juu ya irabu huirefusha, haibadili mkazo. Mkazo wa Kihungaria uko silabi ya kwanza, kila neno, bila ubaguzi, wakati Kiswahili kinakaza ya pili kutoka mwisho. Mswahili husema "Te-LE-ki". Mhungaria husema "TE-le-ki". Ukikaza mwanzo tu, hata mengine yakipotea kidogo, utaeleweka.

Kuandika kwenye simu: bonyeza herufi na uishikilie, alama zitatokea. Angalia *ö* na *ő*. Ya kwanza ina nukta mbili, ya pili ina mikwaju miwili. Ni sauti mbili tofauti. Zamani kompyuta zisizo na *ő* ziliweka *õ* yenye kimawimbi, na makosa hayo bado yamejaa mtandaoni. Kwa majina ya Kiromania shida ni *ș*: ya sahihi ina mkato uliojitenga chini, lakini kurasa nyingi za zamani zina *ş* yenye kijikia kilichoungana. Kwa macho zinafanana, kwa mashine ni herufi mbili. Ukitafuta Mureș ukapata kidogo, jaribu Mureş, kisha Mures bila kitu. Fanya hivyohivyo kwa Sáromberk na Saromberk.

Majina ya vijiji vya Hungaria yakishaoneshwa vipande vyake yanakuwa mepesi kwa mtu wa huku. *Nagy-* ni kubwa, *Kis-* ni ndogo, *Felső-* ni ya juu, *Alsó-* ni ya chini, *Új-* ni mpya, *Ó-* ni ya kale. Sisi tuna Arusha Chini, ambayo hata haipo mkoa wa Arusha bali wilaya ya Moshi. Kwa Kihungaria ingekuwa *Alsó-*. Old Moshi ingekuwa *Ó-*. Viambishi hivyo viliongezeka kwa sababu ya kisheria. Mwaka 1898 Hungaria ilitunga sheria kwamba kila kijiji kiwe na jina moja rasmi na majina yasifanane nchi nzima, na kwa miaka kadhaa iliyofuata ofisi zilikuwa zikiongeza viambishi ili kutenganisha vijiji vilivyofanana. Ndiyo maana cheti cha 1890 kinaweza kuwa na jina fupi, na ramani ya 1913 ikawa na jina refu, na ni kijiji kilekile. Orodha rasmi ya majina ya 1913 ndiyo msingi mzuri kwa yeyote anayetafuta kijiji kilichokuwa Hungaria kabla ya Trianon. Humo Sáromberk iko chini ya mkoa wa Maros-Torda, mkoa ambao kwa jina hilo haupo tena.

Mfano mzuri wa kiambishi kinachopotosha ni Nagymaros. Mtu akishajua kwamba Maros ni mto wa Sáromberk, ataamini Nagymaros, "Maros Kubwa", iko hapohapo. Haiko. Iko Hungaria yenyewe, kwenye kona ya mto Danube, ng'ambo ya Visegrád, mamia ya kilomita kutoka Sáromberk. Jirani yake ni Kismaros, "Maros Ndogo", nayo iko kwenye Danube. Dunia ya sheria inaijua Nagymaros kwa bwawa lililopangwa kwa mkataba wa 1977, likasimamishwa na Hungaria 1989, na kesi ikaishia Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1997. Miaka ya 1990 ilipewa hadhi ya mji, lakini wakati wa mtu tunayemtaka hapa ilikuwa kijiji.

Mtu huyo ni Kittenberger Kálmán. Hakuna Mhungaria aliyeacha alama ya uwindaji na ukusanyaji wa wanyama wa Afrika Mashariki kumzidi. Alizaliwa Léva tarehe 10 Oktoba 1881, akasomea ualimu, akaja upande wa Kilimanjaro na Meru mwanzoni mwa miaka ya 1900 akiwa mkusanyaji wa wanyama. Simba alimpotezea kidole. Vita vya 1914 vilipoanza Waingereza walimshika na kumweka kizuizini India, akarudi kwao 1919. Akaishi Nagymaros, akahariri gazeti la wawindaji liitwalo *Nimród*, akafa palepale Nagymaros tarehe 4 Januari 1958. Léva leo ni Levice, Slovakia. Bustani ya wanyama yenye jina lake iko Veszprém, mji mwingine kabisa, na ndiyo maana wengi hudhani ni mtu wa Veszprém. Kwa hiyo yeye ni mtu maarufu wa vijiji na miji mitatu kwa namna tatu: kuzaliwa, kuishi na kufa, kuenziwa. Orodha isiyosema ni namna ipi haina maana.

Jina lake ni la Kijerumani kwa sauti. Hilo halimfanyi Mjerumani. Bonde lile la Danube lilijaa vijiji vya Waswabi, Wajerumani walioletwa kulima karne ya 18, na majina yakachanganyika. Uraia wa mtu hausomwi kwenye jina la ukoo, si huko wala huku.

Kuna tahadhari moja inayowahusu zaidi watu wa Moshi. Mzungu yeyote aliyeandika "Moshi" kabla ya reli kufika 1911 hazungumzii mahali ilipo stendi ya mabasi leo. Anazungumzia Old Moshi, juu mlimani, ambako Mangi Rindi na baadaye Mangi Meli walitawala na Wajerumani wakajenga boma. Mji ulishuka kufuata reli. Hata "Arusha" kwenye maandishi hayo huhitaji kuulizwa: Juu au Chini? Kijiji kinachohama si ugonjwa wa Wahungaria peke yao.

Sasa weka watu hawa pamoja uone jambo la ajabu. Teleki: alizaliwa mahali ambapo leo ni Romania. Höhnel: leo Slovakia. Kittenberger: leo Slovakia. Ongeza Széchenyi Zsigmond, mwindaji mwingine aliyeijua Tanganyika, aliyezaliwa 1898 Nagyvárad: leo ni Oradea, Romania. Ongeza Dk. Sáska László, daktari aliyeishi Arusha miaka mingi, aliyezaliwa 1890 Nagyenyed: leo ni Aiud, Romania. (Jina la Sáska maana yake ni nzige, kwa anayependa kujua.) Wote hawa wamefungamana na Kilimanjaro, Meru au nchi iliyo kati, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa ndani ya Hungaria ya sasa. Trianon iliondoa takriban theluthi mbili za eneo la ufalme wa zamani, na pembezoni ndiko walikozaliwa wote watano. Ukitafuta watu maarufu wenye uhusiano na huku kwa kufungua orodha ya vijiji vya Hungaria ya leo tu, utarudi mikono mitupu na kudhani hawakuwepo.

Utaratibu wa kuandika kijiji kama hiki kwa Kiswahili basi uwe hivi, na usirukwe. Kwanza amua mwaka. Halafu andika jina la kijiji la mwaka huo, na kwenye mabano jina la leo na nchi ya leo. Baada ya hapo angalia ngazi ya utawala. Huko Romania Dumbrăvioara ni kijiji ndani ya komuna ya Ernei, yenye vijiji sita, ndani ya jimbo la Mureș. Komuna ni kama kata yetu. Kosa linalorudiwa ni kuchukua idadi ya watu ya komuna nzima na kuipachika kijiji kimoja, sawasawa na kuchukua kata ya Marangu Mashariki ukaiita Marangu yote. Tazama takwimu inasema *sat* (kijiji) au *comună*. Kwa Hungaria maneno ni *község* kwa kijiji, *nagyközség* kwa kijiji kikubwa, *város* kwa mji.

Mtu naye andika jina lake mara mbili mwanzoni, kwa mpangilio wao na kwa wetu, kisha chagua mmoja uufuate hadi mwisho. Ukichanganya, msomaji atafikiri Sámuel Teleki na Teleki Sámuel ni watu wawili, na wako wawili kweli, kwa hiyo umemchanganya mara mbili. Ukikutana na jina la mwanamke lenye *-né*, kama Kovács Jánosné, hilo si jina lake. Ni "mke wa Kovács János". Jina lake la kuzaliwa liko mahali pengine kwenye ukurasa au kwenye cheti, litafute. Sisi tunasema Mama Fulani kwa jina la mtoto na bado tunamjua jina lake. Kwa waandishi wa zamani wa huko, wake wengi walibaki na *-né* tu.

Tarehe za Kihungaria zinaanza na mwaka: *1845. november 1.* Mwaka, mwezi, siku, na nukta baada ya namba. Ukiona 1916.03.10, ni tarehe 10 Machi. Katika maelezo mafupi, *szül.* ni kuzaliwa, *megh.* ni kufa. Vyeti vya serikali vilianza tarehe 1 Oktoba 1895. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa, na kuna tofauti kati ya siku ya kuzaliwa na ya kubatizwa. Lazima ujue familia ilikuwa dhehebu gani, maana kijiji kimoja kinaweza kuwa na vitabu vya Wakatoliki, Wareformati (Waprotestanti wafuasi wa Calvin) na Waorthodoksi kila kimoja kivyake. Akina Teleki wa Sáromberk walikuwa Wareformati. Anayewatafuta kwenye vitabu vya Wakatoliki atatoka bila kitu.

Anayetaka kupiga simu kwenye ofisi huko azingatie saa. Kiangazi chao Romania ina saa sawasawa na Moshi, wakati wa baridi iko nyuma saa moja. Hungaria iko nyuma saa moja kiangazi, saa mbili wakati wa baridi. Barua pepe kwa Sáromberk inaweza kuandikwa Kihungaria au Kiromania, na Kihungaria kinaeleweka kijijini. Taja jina la kijiji kwa lugha zote mbili kwenye mstari wa kwanza. Ukitaja moja tu, barua huenda kwa mtu asiyejua unazungumzia nini, au anayejua lakini amekerwa.

Mwisho, sentensi ile ya njiani. Ikiandikwa upya inakuwa hivi: "Mwaka 1887 Teleki Sámuel, Mhungaria aliyezaliwa Sáromberk huko Transilvania, leo Dumbrăvioara, Romania, alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji akarudi, msafara wake ulitoka Pangani, na Jumbe Kimemeta ndiye aliyejua njia. Lobelia yenye jina la Teleki iko Mlima Kenya. Hii hapa ni ya von der Decken." Ni ndefu kuliko ya kwanza. Kutoka Mandara hadi Horombo ni kilomita zipatazo 11, na mwendo ni pole pole, muda upo.